Redio Haifi kwa Uzee

Wiki iliyopita tulipata fursa ya kuitembelea karakana ya mawasiliano ya kikosi kimojawapo cha jeshi letu. Ni mahali ambapo waandishi hawafiki mara nyingi, kwa kuwa hapana gwaride, hapana mizinga, wala hapana mgeni mashuhuri wa kupigwa picha. Pana meza ndefu, taa kali, na watu watano wenye macho mekundu walioinama juu ya vitu vidogo. Tulikuwa tumekusudia kuandika habari fupi juu ya mafundi wa redio, kisha turudi ofisini kabla ya chakula cha mchana. Hatukurudi mpaka jioni ya siku ya tatu.

Sababu yake tuliikuta juu ya meza ya kwanza. Palikuwa na redio ya mgongoni ya kizazi cha miaka ya 1970, rangi yake ya kijani imechakaa hata chuma kikaonekana pembeni. Kifuniko kilikuwa kimeondolewa, na ubao wake wa saketi umelazwa juu ya kitambaa cheupe kama mgonjwa anayengoja kupasuliwa. Ubavuni mwa sanduku palikuwa na namba tatu zilizoandikwa kwa rangi nyeupe. Namba zile tulizijua, kwa maana tulipata kutembea nyuma yake siku nne porini.

Aina ya redio hatutaitaja, wala mahali ilipo karakana. Wasomaji wetu ni askari na wanaelewa sababu.

“Redio hii ina kadi yake, afande,” akatuambia Sajini Meja anayeiongoza karakana, mtu mzima aliyeshika chuma cha kulehemu kwa miaka ishirini na saba. “Hebu tazama palipoandikwa sababu ya kuharibika.”

Tulitazama. Paliandikwa neno moja tu: Uzee.

“Katika miaka yangu yote,” akasema, “sijaona redio iliyokufa kwa uzee. Nimeona zilizouawa.”

UBAO WENYEWE

Askari wengi hawajapata kuuona ubao wa saketi ila siku redio inapoanguka na kupasuka. Hudhani ni jambo la ajabu lisiloeleweka na mtu wa kawaida. Kumbe ni ramani ya barabara. Bati jembamba la shaba hugandishwa kwa gundi juu ya ubao usiopitisha umeme. Njia zinazotakiwa hupakwa wino unaostahimili asidi. Kisha ubao hutiwa katika asidi, na shaba yote isiyopakwa wino huliwa. Zinazobaki ni njia. Hutobolewa matundu, vipande kama rezista, kapasita na transista huingizwa miguu yao, na kila mguu hufungwa kwa lehemu.

Mhandisi Paul Eisler, mzaliwa wa Vienna aliyekimbilia London, ndiye aliyetengeneza redio yenye saketi ya namna hiyo yapata mwaka 1936. Wenye viwanda hawakumjali sana. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyobadili mambo, pale Wamarekani walipochapa saketi juu ya vigae vya kauri kwa ajili ya viwashio vyenye redio ndogo ndani yake, vinavyolipua kombora linapoikaribia shabaha. Mwaka 1949 wataalamu wawili wa kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani, Moe Abramson na Stanislaus Danko, walibuni njia ya kuingiza miguu ya vipande vyote katika matundu na kulehemu ubao mzima kwa kuuchovya mara moja. Hataza waliyoipata mwaka 1956 ilikabidhiwa jeshi. Basi askari anayedhani kwamba ubao wa saketi ni kitu cha raia, alichoazimwa tu, na ajue kwamba sehemu kubwa ya asili yake ni kambini.

Zipo mbao za namna mbili ambazo fundi wa vyombo vya zamani hukutana nazo. Za kwanza ni za rangi ya kahawia, zilizofanywa kwa karatasi iliyoloweshwa gundi ngumu ya jamii ya bakelaiti. Hizo hunywa unyevu, huvunjika pembeni, na shaba yake hubanduka upesi ikipata joto kupita kiasi. Za pili ni za nyuzi za kioo, ngumu na zenye kustahimili, na ndizo zilizotumiwa zaidi katika vyombo vya kijeshi. Aliyejifunza juu ya za pili asifikiri kwamba atazishika za kwanza kwa mkono ule ule.

Redio za kijeshi za zama zile zilitengenezwa kwa vipande vikubwa vinavyochomolewa. Jamii ya redio za Clansman za jeshi la Uingereza, kwa mfano, zilizoanza kutumika katika miaka ya 1970 na kuachia nafasi mfumo wa Bowman katika miaka ya 2000, zilifuata mpango huo. Mafundi wa mstari wa mbele hawakutakiwa kutafuta kapasita iliyoharibika. Walichomoa kipande kizima, wakachomeka kingine, na kilichougua kikapelekwa nyuma. Ni mpango mzuri maadamu kiwanda kinaendelea kutoa vipande. Kiwanda kikiacha, ghala likawa tupu, hapo hapana hila nyingine: lazima mtu akae chini na kuutibu ubao wenyewe. Hapo ndipo Sajini Meja wetu anapolipwa mshahara wake, na kwa maoni yetu haumtoshi.

MAJI YA BETRI

Muuaji wa kwanza, naye ndiye mkubwa, ni betri iliyosahauliwa. Betri ya nikeli na kadimi, ya namna iliyotumiwa katika redio nyingi za mgongoni, ndani yake mna maji ya potashi, nayo ni alikali kali. Ikiachwa ndani ya chombo miezi na miaka, mwishowe huvuja. Potashi huila shaba na kuigeuza unga wa kijani na buluu, huingia chini ya varnishi inayoulinda ubao, na kutembea. Jambo la kutisha ni huko kutembea kwake. Sajini Meja alishika waya mmoja uliotoka katika vituo vya betri, akaukata mbali kiasi cha upana wa kiganja, akachuna ganda lake. Shaba ya ndani ilikuwa nyeusi kama masizi. Akakata mbele zaidi, nyeusi bado. Waya wa namna hiyo haushiki lehemu hata ukiubembeleza, hutupwa wote.

Katika redio ile kisanduku cha betri kiko chini, na mtu angedhani kwamba maji yangedondoka nje yasiudhuru ubao ulio juu. Lakini ghalani redio zilikuwa zimepangwa kichwa chini, ili antena zisijikwae katika rafu. Mpangaji aliona ameokoa nafasi. Maji yakateremka mahali palipokuwa juu.

Dawa yake ni rahisi, ila sharti mtu ajue anatibu nini. Potashi ni alikali, kwa hiyo huuawa kwa asidi hafifu: siki ya jikoni kidogo juu ya mswaki laini, mpaka povu linyamaze. Betri za kawaida za tochi, zile za zinki na kaboni, maji yake yana asidi. Hizo huoshwa kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji. Anayetia siki juu ya asidi amepoteza siki yake. Baada ya hapo ubao huoshwa kwa maji safi yaliyokenekwa, hufutwa kwa spiriti, na kukaushwa siku nzima mahali penye joto la kadiri. Koplo mmoja kijana, alipoambiwa alete maji ya betri ya gari, alileta chupa ya asidi badala ya maji yaliyokenekwa. Sajini Meja alinusa, akairudisha bila kusema neno. Kijana yule, tunaamini, hatakosea tena.

Magonjwa mengine yapo, na hatutayapitia yote. Kapasita za alumini hukauka ndani, au huvuja miguuni. Zile ndogo za tantalamu, zenye umbo la tone la maji, hufa ghafula kwa kufungua njia wazi baina ya pande zake mbili, na nyingine huwaka moto kabisa. Vipande vizito kama rilei na transfoma hutikiswa garini mpaka lehemu inayozunguka miguu yao inapasuka kwa mviringo mwembamba kama unywele, usioonekana bila lenzi. Redio ya namna hiyo huzungumza ikipigwa kofi, nayo hunyamaza barabara ikiharibika. Wasomaji waliowahi kupiga kofi redio wanajijua.

Kuna na ugonjwa mmoja wa kuchekesha, ambao wapenzi wa redio za transista za miaka ya 1960 wanaufahamu. Transista za jamii ya AF117 zimo ndani ya kopo dogo la chuma, na kutoka ukutani mwa kopo lile huota nyuzi nyembamba sana za bati, kama ndevu, mpaka zikagusa viungo vya ndani. Transista hizo zina miguu minne, na wa nne kazi yake ni kuunganisha kopo na ardhi ya saketi. Mara nyingine fundi huukata mguu huo tu, na redio iliyokuwa bubu kwa miaka huimba.

MKONO WA MWANADAMU

Muuaji wa pili, Sajini Meja anamchukia kuliko betri. Ni fundi mwenye haraka. Ubao tuliouona ulikuwa umekwisha kushikwa na mtu kabla ya kuwekwa ghalani. Mahali patatu kulikuwa na alama ya chuma cha kulehemu kikubwa mno, cha kulehemu mabati, na vituo viwili vya shaba vilikuwa vimebanduka na kusimama kama magamba ya samaki. Gundi inayoshika shaba haistahimili joto la muda mrefu. Lehemu ya zamani, mchanganyiko wa sehemu 63 za bati na 37 za risasi, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za sentigredi. Chuma chenye ncha safi kikigusa na kuondoka ndani ya sekunde tatu hivi, kazi imekwisha. Anayekandamiza nusu dakika kwa sababu ncha yake ni chafu, anabandua njia. Lehemu mpya isiyo na risasi, iliyoenea baada ya sheria ya nchi za Ulaya kuanza kutumika mwaka 2006, inataka joto zaidi ya nyuzi 217, na kwa sababu hiyo mafundi wa vyombo vya zamani hawaipendi juu ya mbao za zamani. Wanaotumia ile yenye risasi, hata hivyo, wanaagizwa kunawa mikono kabla ya kula, na Sajini Meja huwasimamia bombani kama mama.

Mbaya zaidi ni bisibisi. Ndani ya redio mna visanduku vidogo vya koili vyenye kiini cha kuzungushwa, vilivyopimwa kiwandani kwa mitambo. Havijilegezi vyenyewe. Mtu asiyejua, akiona skurubu, huizungusha. Isipoleta sauti, huzungusha ya pili, na ya tatu. Redio iliyokuwa na ugonjwa mmoja sasa ina saba, na sita kati yake havionekani kwa macho. Katika karakana hii bisibisi ya koili imefungwa katika sanduku, na ufunguo uko mfukoni mwa mzee.

Tulimuuliza aliyeshika ubao ule kabla yake alikuwa nani. Akasema hajui, na hakutaka kukisia.

SIKU YA KWANZA BILA CHUMA

Tulitazamia kwamba kazi ingeanza kwa moto. Siku nzima ya kwanza chuma cha kulehemu hakikuwashwa. Sajini Meja aliutazama ubao kwa lenzi, akauweka mbele ya taa ili nuru ipenye kutoka nyuma, akaunusa, akachora katika daftari kila njia iliyokuwa na doa. Kisha akaleta redio nyingine ya aina ile ile, nzima, akaweka ubao wake kando ya ule mgonjwa. Chombo kizima cha pili, alisema, ni mwalimu bora kuliko kitabu, na kitabu ni bora kuliko kukisia. Kitabu anacho pia: mchoro wa saketi uliochakaa, uliobandikwa karatasi nyuma ili usipasuke, umejaa maandishi ya penseli ya mafundi waliomtangulia, baadhi yao wamekwisha kufa.

Alipima kwa mita njia moja baada ya nyingine, umeme ukiwa umekatwa. Hapa alitutahadharisha juu ya udanganyifu mmoja. Mita ikiwekwa baina ya miguu miwili ya rezista iliyo ubaoni, haipimi rezista hiyo peke yake; hupima na kila kitu kilichoungana nayo kwa njia nyingine. Ikisoma chini ya thamani iliyoandikwa, haina maana rezista imeharibika. Lakini ikisoma juu, hapo hapana udhuru: imekwisha. Akiwa na shaka, huinua mguu mmoja kutoka tundu lake na kupima tena.

Njia mbili zilikuwa zimeliwa waziwazi. Ya tatu ndiyo iliyokuwa fumbo. Chini ya varnishi ilionekana nzima, inang’aa kidogo. Mita ikasema haifiki ng’ambo. Alikwangua kwa ncha ya kisu, polepole, na chini yake shaba haikuwapo. Palikuwa na kivuli chake tu, unga wa kijani uliobaki na umbo la njia. “Huyu ndiye aliyeinyamazisha,” akasema. “Hii ndiyo inayopeleka umeme kwenye osileta.”

Basi pale ndipo tulipomweleza, maana ilikuwa vigumu kuendelea kunyamaza.

Miaka kumi na miwili iliyopita, tukiwa Luteni Usu tuliotoka shule ya kadeti mwaka ule ule, tuliongoza doria ya siku nne yenye watu kumi na mmoja na redio hii. Siku ya tatu, magharibi, askari mmoja alikanyaga kifutu karibu na kijito. Mwendeshaji redio alibonyeza, akaita, akabadilisha masafa, akaita tena. Redio ilitoa mvumo hafifu, kisha hata mvumo ukakoma. Watu wawili walitembea usiku kucha kufuata gari. Gari lilifika saa saba mchana. Askari alipona, lakini mguu haukupona. Ulikatwa chini ya goti. Yuko hai, analima, na tukikutana hatuambii neno la lawama, jambo ambalo ni zito kuliko lawama.

Uchunguzi ulifanyika. Redio ilifunguliwa upesi na mtu fulani, ikafungwa, na taarifa ikaandika kwamba chombo kilikuwa cha zamani mno. Kila mmoja alipumua. Uzee hauna namba ya jeshi wala haupelekwi mahakamani. Lakini kabla ya doria ile, redio ilikuwa imekaa ghalani miezi mingi na betri za zamani ndani yake. Aliyeitoa alifuta vituo kwa kitambaa na kuweka betri mpya. Na fomu ya ukaguzi, yenye mstari unaosema kwamba kisanduku cha betri kimefunguliwa na kutazamwa, ilitiwa sahihi na kiongozi wa doria juu ya boneti ya gari, usiku, bila kisanduku kufunguliwa.

Sajini Meja alisikiliza akiwa ameshika ubao kwa vidole viwili pembeni, kama anavyoushika sikuzote. Hakutufariji. Baada ya kitambo akasema, “Kesho tutawasha chuma, afande.”

KULEHEMU

Siku ya pili ilikuwa ya mikono. Varnishi ilikwanguliwa mpaka shaba safi ionekane pande zote mbili za kila jeraha. Shaba ilipakwa utomvu wa kulehemea, unaotokana na utomvu wa msonobari, kisha ikapewa ngozi nyembamba ya lehemu. Lehemu ya zamani iliyozeeka miguuni mwa vipande iliondolewa kwa utambi wa shaba uliosukwa, ambao ukipashwa moto huinywa kama taa inavyokunywa mafuta. Kisha waya mwembamba wa shaba ulilazwa juu ya pengo, ukafuata mpito ule ule wa njia ya zamani, ukalehemiwa ncha hizi na hizi.

Tuliuliza kwa nini asivute waya wa moja kwa moja juu kwa juu, ambao ungekuwa rahisi. Alijibu kwamba katika sehemu za umeme wa kawaida angeweza, lakini katika sehemu za masafa ya juu waya mrefu si waya tena. Huwa koili, na koili isiyo katika mchoro huharibu hesabu yote. Vituo vilivyobanduka alivirudisha chini kwa tone la gundi ngumu ya epoksi, akaviacha mpaka jioni. Kapasita tatu zilibadilishwa. Hapa pana mtego ambao umewaumiza wengi: katika kapasita za kawaida za alumini alama iliyochorwa ubavuni ni ya upande wa hasi, na katika matone ya tantalamu alama ni ya upande wa chanya. Anayezoea moja na kuigeuza nyingine ataisikia ikipasuka, naye ashukuru kama alikuwa na miwani.

Hatari nyingine alituonyesha bila kuigusa. Baadhi ya transista za nguvu za kutangazia zina kigae cheupe ndani, na katika nyingi za zama zile kigae hicho ni berilia. Kikiwa kizima hakina neno. Kikivunjwa au kupigwa tupa, vumbi lake likivutwa pumuzi ni sumu ya mapafu. Hazifunguliwi, hazikwanguliwi, hazitupwi jalalani. Na kwa wale wenye redio za zamani zaidi, za valvu, akaongeza kwamba volti mia mbili na zaidi hukaa ndani ya kapasita hata baada ya waya kuchomolewa. Humwagwa kwanza kwa rezista, mkono mmoja ukiwa mfukoni.

Siku ya tatu umeme ulirudishwa, si kwa betri, bali kwa mtambo wa karakana unaoweza kuzuia mkondo usipite kiasi kilichowekwa. Sindano iliruka, mtambo ukajizuia. Sajini Meja alizima, akasubiri, akawasha tena kwa nguvu kidogo, akapitisha kidole juu ya vipande bila kuvigusa hasa. Tone moja la tantalamu lilikuwa la moto. Liliondolewa, na sindano ikatulia mahali pake.

Baadaye alianza kwenye spika na kurudi nyuma, akiingiza mlio mdogo katika kila hatua: hapa unasikika, hapa unasikika, hapa umekufa. Kosa moja lilitafutwa na kutibiwa kabla ya jingine kuguswa, nalo likaandikwa daftarini pamoja na saa. Alasiri saa tisa na robo spika ilitoa ule uvumi wa anga ambao kila mwendeshaji redio anaujua, kama mvua juu ya makuti. Upande wa kutangaza ulikataa bado. Ilikuwa rilei, na ule mpasuko wa unywele kuzunguka mguu wake. Dakika mbili za kazi, baada ya saa moja na nusu ya kuitafuta. Ilijaribiwa kwanza juu ya mzigo bandia badala ya antena, kama inavyopasa, kisha antena ikaungwa, na Koplo yule wa maji ya betri akaita kituo cha makao makuu.

Jibu lilikuja mara ya kwanza. Sauti ya mwanamke, kavu, yenye haraka, ikasema inamsikia vizuri na kuuliza ana ujumbe gani. Koplo alitutazama. Hatukuwa na ujumbe.

Kanuni ya karakana ile ni kwamba afisa mmoja ashuhudie jaribio la mwisho na kutia sahihi kadi ya chombo. Sajini Meja alitutolea kalamu. Kwanza tulikigeuza chombo, tukafungua kisanduku cha betri, tukatazama ndani. Kilikuwa kikavu na kitupu. Mzee alingoja. Kisha akaweka kidole juu ya mstari wa zamani wenye lile neno moja.

“Hapa nikifuta, niandike nini, afande?”

Tulimwambia aandike kwamba betri ziliachwa ndani ghalani, na kwamba afisa aliyekagua kabla ya doria hakufungua kisanduku.

Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, kama anavyoandika katika mchoro wake. Alipofika mwisho akainua kalamu na kuuliza jina la afisa huyo, na cheo alichokuwa nacho wakati ule. Tukavitaja vyote viwili.